Je, Kukaa Uchi Pamoja na Wengine Kunatibu Akili?

Nchini Ujerumani zipo fukwe na kambi ambako wazee kwa vijana huogelea na kuota jua bila nguo. Utamaduni huo, Freikörperkultur, ulianza mwishoni mwa karne ya 19, na wafuasi wake wanaamini unajenga afya ya mwili na akili. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Paul Bindrim aliugeuza kuwa tiba huko California: washiriki wa vikao vyake walivua nguo zote. Tiba hiyo haimo katika matibabu ya kawaida ya afya ya akili leo.

Ushahidi wa maana zaidi umetoka kwa mwanasaikolojia Keon West wa Goldsmiths, Chuo Kikuu cha London. Katika utafiti wake wa kwanza kuhusu suala hili aliwahoji Waingereza 849, akaona kwamba wanaoshiriki zaidi shughuli za uchi wanaridhika zaidi na miili yao na maisha yao. Lakini huenda ni kinyume chake: anayejikubali ndiye anayethubutu kuvua. Ndiyo maana jaribio lake la 2020 lina uzito zaidi. Watu 51 waligawanywa bila kuchagua kundi. Wengine wakakaa pamoja uchi, wengine wakiwa wamevaa. Waliokaa uchi walitoka wakiithamini zaidi miili yao, kwa kuwa hofu yao ya kutazamwa na wengine ilikuwa imepungua.

Hapo kwenye hofu ndipo penye somo. Mtu anayeshinda akitazama picha zilizorembwa kwa simu huanza kuona kitambi chake, makovu yake au michirizi ya uzazi kama aibu yake peke yake. Akikutana na miili ya kawaida, na asicheke mtu, hofu inalegea. Kwa maoni yangu faida inatokana na kutohukumiwa, na hilo mtu anaweza kulipata akiwa na nguo zake: kwenye mazoezi ya kikundi, au katika nyumba ambayo hakuna anayemwita mtoto "bonge".

Tena, watu 51 ni wachache, na walijitolea wenyewe. Matokeo yao hayamhusu aliyelazimishwa kuvua. Huyo ameumizwa, na jeraha lake laweza kudumu miaka. Wala hayahusu picha za uchi mtandaoni, ambako kila mtazamaji ni hakimu na picha haifutiki.

Ninachohofia ni mgonjwa kuacha dawa au ushauri nasaha kwa sababu ameambiwa ufuko utamponya sonona. Hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizo za West uliopima jambo hilo. Ikiwa wewe au nduguyo anatumia saa nzima kila siku mbele ya kioo akikagua kasoro ambayo wengine hawaioni, anakwepa watu, anajinyima chakula au anazungumzia kufa, nendeni kwenye kituo cha afya mkaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Tatizo la kuuchukia mwili lina tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa, na dawa pia zipo kwa wanaozihitaji.