Kabla ya Kumkubalia Mtafiti Aishi Nanyi

Malalamiko kuhusu watafiti wa tamaduni yanayofika mbele ya kamati za maadili ya utafiti yanaongezeka, na huja kwa sura mbili. Wapo wanaomwona mtafiti kuwa jasusi, mwuza picha au mtu aliyekosa shughuli ya kufanya. Wapo pia waliompokea kwa mikono miwili, wakamfungulia siri za nyumba, kisha wakashtuka kuzikuta kitabuni. Kazi yangu ni kukagua maombi ya utafiti na kusikiliza malalamiko hayo. Naandika kwa ajili ya makundi yote mawili, ila nitakaa zaidi na la pili kwa sababu ndilo linaloumia.

Nachukulia kwamba msomaji anajua ethnografia ni nini: kuisoma jamii na kuieleza kwa kuishi na watu wake. Kinachowasumbua wengi ni ule muda. Mwenye dodoso anamaliza kwa saa moja; huyu wa ethnografia anaweza kukaa mwaka, na siku nyingine haulizi swali hata moja. Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia (msomi wa tamaduni za watu), alipiga hema katika kijiji cha Omarakana, visiwa vya Trobriand vilivyo Papua New Guinea ya leo, akaishi visiwani humo kwa vipindi viwili virefu kati ya 1915 na 1918. Kabla ya hapo wasomi wengi waliandika juu ya watu wa mbali kwa kutegemea barua za wasafiri, wamisionari na maofisa wa serikali. Kukaa huko kuna sababu: mtu akiulizwa mgogoro wa urithi husuluhishwaje, hutaja kanuni. Mgogoro wenyewe ukizuka, kanuni ileile hupindwa, husahauliwa au hugeuzwa silaha ya upande wenye nguvu. Mtafiti anataka yote mawili, kanuni na yaliyotokea. Kwa hiyo mkimwona ameketi pembeni anatazama watu wakigombania foleni, yuko kazini. Tafadhali msituletee hilo kama lalamiko.

Hofu ya ujasusi haikuanza jana. Mwaka 1919 Franz Boas, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha barua akieleza kwamba wanaanthropolojia wanne walitumia utafiti kama kificho cha kufanya ujasusi wakati wa vita. Chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kikamkaripia yeye aliyesema, na karipio hilo likaja kufutwa 2005. Kushuku, basi, ni haki yako. Shuku kwa utaratibu.

Mwombe mtafiti akuonyeshe kibali chake cha utafiti. Tazama jina, eneo, mada na tarehe ya mwisho; kibali kilichokwisha muda wake jana, leo ni karatasi tu. Omba pia barua ya taasisi yake na kumbukumbu namba ya idhini ya kamati ya maadili. Kibali cha mamlaka na idhini ya kamati ni nyaraka mbili tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Ukipiga simu kuhakikisha, tumia namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie iliyoandikwa kwenye barua aliyokuletea. Nyaraka zote zipige picha. Akikataa nyaraka zake zipigwe picha ilhali yeye amekuja na kamera, umeshapata jibu.

Kiongozi wa eneo akimkaribisha, amemfungulia mlango tu. Kukubali kwake hakumfungi mtu mwingine yeyote, wala mwenye nyumba hawezi kuridhia kwa niaba ya mkewe, mgeni wake au mfanyakazi wake. Kila mtu huombwa peke yake.

Bado tunaambiwa, “Nilikwisha saini, nifanyeje?” Saini haikufungi. Fomu nzuri ya ridhaa huwa na visanduku kadhaa: kuandikwa kwenye daftari, kurekodiwa sauti, kupigwa picha, kuchukuliwa video, na kumbukumbu zako kuhifadhiwa baada ya utafiti kwisha. Unaweza kuweka alama kwenye kimoja ukaviacha vingine. Asiyejua kusoma, au asiyetaka jina lake libaki kwenye karatasi, huridhia kwa mdomo mbele ya shahidi. Mtoto naye huulizwa hata kama mzazi amekwisha kukubali. Akitikisa kichwa kukataa, amekataa. Kujitoa hakuhitaji sababu yoyote, ila kunahitaji tarehe: fomu iseme hadi lini maneno yako yanaweza kuondolewa. Kabla ya siku hiyo mtafiti anapaswa kuyafuta na kukuthibitishia kwa maandishi kwamba ameyafuta. Kitabu kikishatoka, ukija kudai kichomwe umechelewa. Kamati haina tanuri.

Kuna jambo ninaloliona zito kuliko fomu zote. Watu husikia “jina lako halitatajwa” wakashusha pumzi. Jina bandia hukuficha kwa msomaji wa mbali, ambaye hata hivyo hakujui. Kwa jirani halikufichi. Chukulia daftari la mtafiti: ukurasa wa kushoto ameandika alichokiona na kukisikia, wa kulia anavyokifikiria, mahali pa jina ameweka M4, na orodha inayoeleza M4 ni nani ameifungia kwingine. Hadi hapo amefuata taratibu zote. Kisha tasnifu inatoka na sentensi kama hii: “Mjane mmoja, fundi cherehani, ambaye mwanawe wa pili alifukuzwa jeshini, alisema shemeji zake walighushi wosia.” Jina halimo. Je, ni wajane wangapi mtaani wanaoshona nguo na ambao mtoto wao wa pili alifukuzwa jeshini? Shemeji zake watamjua kabla hawajafika kwenye nukta.

Hili limewapata hata wataalamu. Nancy Scheper-Hughes alikipa jina la kubuni kijiji cha Ireland alichokitafiti, kitabu kikatoka 1979. Wanakijiji walijitambua, wakatambuana. Aliporudi 1999, baada ya miaka 20, alitakiwa aondoke.

Kwa hiyo mwulize mtafiti hivi: “Watu wa nyumbani kwangu wakisoma, watanijua?” Asijibu kwa haraka. Anaweza kubadili kazi yako, umri wako, idadi ya watoto. Anaweza kuwaunganisha watu wawili wakawa mhusika mmoja. Anaweza pia kukiacha kisa chote. Kila njia hupunguza ukweli wa maelezo kwa kiasi fulani, na wapo wanafunzi wanaong'ang'ania kisa kwa sababu tu ni kitamu. Kwa hao hatulegezi.

Tena, mtafiti si wakili wako, na mara nyingi sheria haimpi kinga ya kuficha aliyoambiwa. Boston College ya Marekani ilihifadhi simulizi za waliokuwa wapiganaji wa Ireland Kaskazini, waliozitoa wakiamini kwamba hazitafunguliwa wakiwa hai. Kuanzia 2011 vyombo vya dola vya Uingereza vilizidai kupitia mahakama za Marekani, na baadhi zikakabidhiwa. Mtafiti makini atakuonya mapema, kabla hujaanza kusimulia, ni mambo gani hataweza kuyanyamazia, mathalani mtoto anayedhuriwa. Asipokuonya, muulize.

Uliza pia vitu vitakaa wapi na hadi lini. Damu iliyochukuliwa kwa Wayanomami, watu wa asili wa msitu wa Amazoni, na watafiti wa Kimarekani miaka ya 1960 ilikaa kwenye majokofu ya maabara kwa miongo kadhaa, ilhali kwa imani yao marehemu hapaswi kubakiza kitu. Sehemu yake ilirudishwa 2015 ikazikwa. Sauti na picha nazo zina mambo yake. Video iliyopigwa kwa ajili ya utafiti ikiwekwa mitandaoni, hata kwa nia njema, hata “kwa marafiki tu”, ni ukiukaji.

Sasa kuhusu adhabu, kwa kuwa wengi hufika wakitarajia pingu au fidia. Kamati si mahakama. Kwa kosa dogo, mtafiti hupewa onyo la maandishi na kutakiwa kurekebisha. Kwa kosa zito, ukusanyaji wa data husimamishwa siku hiyohiyo, data iliyopatikana bila ridhaa hufutwa mbele ya mwakilishi wa kamati, tasnifu huzuiwa, na kama makala imekwisha kuchapishwa, mhariri wa jarida huandikiwa aiondoe. Panapoonekana jinai, jalada hupelekwa kwenye vyombo vinavyohusika. Fidia ya fedha hudaiwa kwingine, wala kusaini fomu hakukupi hisa kwenye mauzo ya kitabu. Vitabu vya namna hii mara chache humtajirisha mwandishi. Anachopata ni shahada, ajira na jina, na mnayo haki ya kumwuliza jamii yenu itapata nini.

Lalamiko liwe na jina la mtafiti, tarehe, kilichofanyika, na nakala ya fomu kama ipo. Lisilo na jina la mlalamikaji hupokelewa, ingawa uchunguzi wake huwa mgumu. Usifute ujumbe mliotumiana. Na kama kisa chako ni kwamba hukupendezwa na alichohitimisha, hilo halimo kwenye mamlaka ya kamati: mtafiti ana ruhusa ya kusema jambo msilolipenda. Mwandikie yeye na msimamizi wake, eleza unavyoona wewe, na udai maelezo yako yaambatishwe kwenye ripoti.