Pua ndiyo inayoumwa, jicho linaingiaje?

Kwenye fomu ya ridhaa ya kutoa nyama za puani kuna mstari unaowafanya wagonjwa waweke kalamu chini: uwezekano wa kupoteza uwezo wa kuona. "Daktari, mimi naumwa pua, jicho linaingiaje?"

Linaingia kwa ujirani. Kati ya sainasi za ethimoidi, yaani vijumba vya hewa vilivyo kati ya pua na macho, na tundu la jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi. Juu kabisa, karibu na sakafu ya ubongo, inapita ateri ya mbele ya ethimoidi, mshipa unaoleta damu kutoka upande wa moyo, ikitokea kwenye tundu la jicho kuja puani. Kwa wengine imefichwa ndani ya mfupa, kwa wengine inaning'inia wazi, ndiyo maana siingii thieta bila kuisoma CT skani. Ikikatwa, ncha yake hujivuta kurudi kwenye tundu la jicho na kumwaga damu humo. Tundu hilo limezungukwa na mfupa, uwazi uko mbele tu. Jicho linasukumwa nje, presha ndani ya tundu inapanda, mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanwa. Tunafundishwa kwamba retina huvumilia kukosa damu kwa dakika 90 hivi. Mimi sizingoji.

Kwa hiyo, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, macho yake hayafunikwi na shuka. Msaidizi wangu huyabonyeza mara kwa mara. Jicho likiwa gumu, kope limevia damu na mboni imetanuka bila kujali tochi, naondoa pamba zote puani. Kuzishindilia kunaongeza presha. Daktari wa macho anaitwa, lakini mkasi haumsubiri: unakata kona ya nje ya jicho, kisha unaitafuta kano inayoshikilia kope la chini na kuikata. Kope likiachia, jicho linapata nafasi. Kulitazama kunatisha, ila kidonda hicho hushonwa baadaye na hupona vizuri. Manitoli, dawa ya kushusha presha ya jicho, ni msaada tu, haichukui nafasi ya mkasi.

Damu ya vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, huvuja taratibu, dalili zikajitokeza mgonjwa akiwa wodini. Hapo anayeliokoa jicho ni nesi wa zamu ya usiku.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, usipenge kamasi hadi tukuambie, na ukipiga chafya fungua mdomo. Kope likivimba ghafla na kuchakarika ukiligusa, huenda hewa imepenya kwenye tundu la jicho. Ukiona hivyo, au macho yakianza kuona kitu kimoja viwili, rudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.