Dozi ya siku 10 kwa koo la streptokoka

Koo la streptokoka ni maambukizi ya koo na mafindofindo yanayoletwa na bakteria, streptokoka wa kundi A. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Homa hupanda ghafla, kumeza huuma, tezi za shingo huvimba, na mafindofindo huwa mekundu, pengine yenye madoa ya usaha. Mtoto anayekohoa, mwenye mafua na sauti iliyokauka, kwa kawaida ana virusi, antibayotiki haitamfaa. Pale inapowezekana, koo lipimwe kwanza.

Dawa ni penisilini au amoksilini, na dozi hufuata uzito. Amoksilini ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, isizidi 1,000, mara moja au kwa kugawanywa mara mbili, siku 10. Mtoto wa kilo 20 anafikia miligramu 1,000. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 250 katika mililita 5, atakunywa mililita 20 kwa siku, na chupa ya mililita 100 itaisha siku ya tano. Hapo ndipo dozi hukatika, kwa kudhani chupa moja ndiyo dozi nzima. Chukua mbili, ya pili ibaki unga, bila kuchanganywa na maji, hadi zamu yake ifike. Pima kwa bomba la dawa, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Kwa nini siku zote hizo, na homa hushuka baada ya siku mbili au tatu? Kwa sababu bakteria huweza kubaki kooni bila maumivu. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili inayowapiga inaweza kugeukia maungio ya mifupa na valvu za moyo, yaani milango ya kupitisha damu: hiyo ndiyo homa ya rumatiki, na valvu iliyoharibika hairudi ilivyokuwa. Tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, bado huzuia, kwa hiyo kuna muda wa kupima.

Mtoto anayetapika dawa huweza kuchomwa penisilini ya benzathini msulini, mara moja tu: yuniti 600,000 chini ya kilo 27, 1,200,000 kuanzia hapo. Mwenye mzio wa penisilini aandikiwe dawa nyingine. Kotrimoksazoli (Septrini) haiwaondoi bakteria hawa vya kutegemewa, na kukata kimeo hakutibu chochote. Huleta damu na maambukizi mapya.

Shule ingoje saa 24 za dawa na homa iwe imeshuka. Akitokwa na udenda, akishindwa kufungua kinywa au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.