Kifungu Kinachokatwa Kwanza: Gharama ya Kumshirikisha Mwananchi katika Bajeti ya Jiji la Mbeya

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kwa wakazi wa kata za pembezoni mwa Jiji la Mbeya, kama Igawilo na Iganjo, miezi ya mwanzo wa mvua hizo ni ya kupanda mahindi na viazi. Miezi hiyohiyo ndiyo ambayo halmashauri zetu huandaa mpango na bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai 1. Mtendaji wa mtaa anaitisha mkutano wa kuibua vipaumbele wakati watu wake wako shambani, na mahudhurio yakiwa hafifu huandikwa kwamba wananchi hawana mwamko. Sisi tunaofanya kazi ya mipango tumezoea kuisoma sentensi hiyo katika taarifa, na mara nyingi haisemi kweli.

Kwa utaratibu uliopo, mapendekezo huanzia kwenye mkutano wa mtaa, au mkutano mkuu wa kijiji kwa halmashauri za wilaya, kwa kutumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Yakitoka hapo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Huko yanalinganishwa na ya mitaa mingine, kisha wataalamu wa halmashauri huyapima kwa ukomo wa bajeti waliopewa na kuyaingiza katika PlanRep, mfumo wa kielektroniki wa mipango na bajeti za halmashauri. Kamati za kudumu huyajadili, Baraza la Madiwani huyapitisha, na baada ya ngazi ya mkoa na TAMISEMI, yaani wizara inayosimamia serikali za mitaa, makisio hayo huishia Bungeni, ambako bajeti za wizara hujadiliwa kuanzia Aprili. Katika safari hiyo yote ni ngazi ya kwanza pekee ambayo mwananchi wa kawaida anasimama na kusema mwenyewe. Kuanzia kata na kuendelea anasemewa.

Ili kuelewa ni kwa nini mapendekezo mengi hayarudi na majibu, ni lazima kujua fedha zinatoka wapi. Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri ni ruzuku ya Serikali Kuu, na ruzuku huja ikiwa na kazi yake tayari: mishahara ya walimu na wahudumu wa afya, elimu bila ada, dawa na miradi iliyotajwa kwa jina. Baraza haliwezi kuihamisha kwa sababu mtaa fulani umeona choo cha soko ni muhimu zaidi. Uamuzi wa kweli wa madiwani umo katika mapato ya ndani, yaani ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya wafanyabiashara, ushuru wa masoko na stendi, leseni, vibali na ada mbalimbali. Hata hayo si yote ya kupanga, kwa kuwa yako mapato yanayolindwa, kama uchangiaji wa huduma za afya, ambayo hurudi palepale yalipokusanywa. Kwa yasiyolindwa, sheria inataka asilimia 10 iende kwenye mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu nyingine, ambayo kiwango chake hutajwa katika mwongozo wa bajeti kulingana na uwezo wa halmashauri, hutengwa kwa miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho cha kuendeshea ofisi.

Kuna suala jingine linalopoteza muda mwingi mikutanoni. Katika mitaa mingi ombi la kwanza ni barabara na la pili ni maji. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo, tangu mwaka 2017, na maji ya mjini yako chini ya mamlaka ya maji. Ombi halipotei kwa kutajwa katika mkutano wa mtaa, kwa kuwa diwani anaweza kulisukuma kwa wahusika, lakini halitaonekana katika kasma, yaani fungu la bajeti, ya halmashauri. Halmashauri inaweza kuamua juu ya madarasa, zahanati, matundu ya vyoo, uzoaji wa taka, masoko na maeneo ya wafanyabiashara wadogo. Mtendaji akilieleza hili dakika kumi za mwanzo, mkutano hupata saa nzima ya kujadili mambo yenye majibu.

Sasa turudi kwenye kazi ya kushirikisha yenyewe. Wengi huichukulia kana kwamba haina gharama, eti mwenyekiti akipita na kutangaza, watu watakuja. Gharama ipo. Kuna mafuta ya gari la matangazo au muda wa redio, kipaza sauti, viti vya kukodi kwa wazee na kina mama wajawazito, mkalimani wa lugha ya alama, nakala za muhtasari, na nauli ya ofisa mipango kwenda kwenye mitaa ambayo haijafikiwa. Kuna pia gharama ya kurudi. Mrejesho ni mkutano wa pili, wa kueleza pendekezo gani limeingia, lipi limeachwa na kwa sababu gani, na ndio ambao kwa maoni yangu unajenga imani kuliko ule wa kwanza.

Gharama hizi kwa kawaida huwekwa chini ya matumizi mengineyo ya idara, zikichanganywa na shajala na safari. Makusanyo yakisuasua katika robo ya pili ya mwaka, hapo ndipo mkasi hupita, kwa sababu jengo lisilokamilika huonekana na mkutano ambao haukufanyika hauonekani. Ninatetea jambo moja dogo la kiufundi: ushirikishwaji uandikwe katika PlanRep kama shughuli inayojitegemea, yenye kasma yake, idadi ya mitaa itakayofikiwa na robo ya mwaka itakayotekelezwa. Robo hiyo iwe ya kwanza, Julai hadi Septemba, wakati mahindi yameshavunwa na barabara za Iganjo zinapitika. Mwongozo wa bajeti huenda ukawa haujatoka, lakini mtaa hauhitaji mwongozo kujua kwamba zahanati yake haina chumba cha kujifungulia.

Saa nayo ina uzito wake. Mkutano wa saa nne asubuhi katika kata ya Ruanda unawaacha nje wauza mitumba na mama lishe wa Mwanjelwa, ambao ndio walipaji wa ushuru wa kila siku. Mkutano wa saa kumi na moja jioni, karibu na soko, ungewakuta.

Mwananchi anayetaka kufuatilia hili aanze na wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 27, 2024, kisha diwani wake, na awaulize kasma ya ushirikishwaji ina shilingi ngapi na zilizotumika hadi robo iliyopita ni ngapi. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka na ni ya wazi kwa umma. Swali hilo lina nguvu zaidi kabla Kamati ya Fedha na Uongozi haijapitia rasimu, kwa sababu bajeti ikishaidhinishwa, kuongeza fedha katika kasma moja kunahitaji kuzihamisha kutoka nyingine, na uhamisho huo una taratibu na vibali vyake.