Si kila lisemwalo lipo: panda wa China akiwa ugenini

Tarehe 8 Novemba 2023 ndege ya mizigo iliruka kutoka Washington ikiwa na panda watatu na kama kilo 100 za mianzi ya kula njiani. Haikuwa imefika hata nusu ya safari, mitandaoni watu walishatoa hukumu: China imenyang'anya zawadi yake, na yule mdogo, Xiao Qi Ji, amefukuzwa nchi aliyozaliwa. Yote mawili si kweli.

"Panda ni zawadi ya China"

Ilikuwa hivyo zamani. Mwaka 1972, baada ya Rais Nixon wa Marekani kuitembelea China, Ling-Ling na Hsing-Hsing walipelekwa Washington, nayo Marekani ikalipa fadhila kwa jozi ya ng'ombe wa miski. Kabla ya hapo walikuwapo hata panda wa kubadilishana. Mwaka 1958 mfanyabiashara wa wanyama, Heini Demmer, aliyekuwa akiishi Nairobi, aliipa bustani ya wanyama ya Beijing twiga, vifaru, viboko na pundamilia wa Afrika Mashariki, akaondoka na panda mmoja aitwaye Chi Chi. Marekani ilikataa kumpokea kwa sababu ya vikwazo vya biashara, akaishia London, na baadaye sura yake ndiyo iliyozaa nembo ya WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori. Kwa hiyo katika historia ya panda huyu maarufu, twiga wetu wamo.

Zawadi zilikoma miaka ya 1980. Leo panda huazimwa kwa mkataba, mara nyingi wa miaka 10, na ada hufika dola milioni 1 kwa mwaka kwa jozi moja. Kwa bustani za Marekani, sheria inadai fedha hizo ziende kwenye uhifadhi wa panda huko China. Nyumba, chakula na daktari ni juu ya bustani. Ni kama mwenye nyumba anayempokea mpangaji, kisha yeye mwenyewe ndiye analipa kodi.

"Akizaliwa huko, ni wa huko"

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, mtoto ni wa mwenye kitanda. Kwa panda mambo yamegeuzwa: kitanda ni cha bustani, mtoto ni wa China, na hilo limeandikwa kabla hajatungwa mimba. Tai Shan alizaliwa Washington mwaka 2005, akaondoka 2010. Fu Bao alizaliwa Korea Kusini mwaka 2020, na siku ya kuondoka kwake, Aprili 2024, maelfu walisimama kwenye mvua wakilia kama waliofiwa. Xiao Qi Ji naye alikuwa na miaka mitatu, umri wa kawaida kabisa wa kurudishwa. Xin Xin wa Mexico, aliyezaliwa 1990, hakuguswa na masharti haya, maana babu na bibi yake walikuwa zawadi ya mwaka 1975.

"Panda ni mvivu, hata kuzaa hataki"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Jike huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, na siku anazoweza kushika mimba ni moja hadi tatu. Porini siku hizo madume hufuata harufu yake na kugombana, naye anaweza kupandwa na zaidi ya mmoja. Ugenini analetewa dume mmoja tu, wasipopatana basi. Jaribu wewe kuchaguliwa mchumba na wizara mbili za mambo ya nje.

Ndiyo maana Washington walitegemea uhimilishaji, yaani jike kuwekewa mbegu na daktari. Xiao Qi Ji alitokana na mbegu zilizogandishwa, mama yake Mei Xiang akiwa na miaka 22. Hata mimba yenyewe hudanganya: jike hubadilika homoni, hulala sana, hutengeneza kiota, kisha hakuna kitu. Mtoto akija kweli huwa na uzito wa kama gramu 100, kipande kidogo cha sabuni ya kuogea, na karibu hana manyoya. Wanaopatana nao wapo: Yang Yang wa Vienna alishika mimba kwa njia ya kawaida, na mwaka 2016 akalea mapacha mwenyewe.

Huo uvivu nao una sababu. Panda ni dubu mwenye tumbo la mla nyama anayeishi kwa mianzi, na sehemu kubwa ya anachokula hutoka bila kusagwa. Lazima ale kwa saa nyingi, na asipoteze nguvu bure.

"Wanateswa, ndiyo maana wanarudishwa"

Ya Ya, panda wa Memphis huko Marekani, alionekana kwenye picha amekonda, manyoya yamenyonyoka, na Wachina wengi wakawaka. Alikuwa na tatizo la muda mrefu la ngozi, na wataalamu wa China na Marekani walimpima kwa pamoja. Aliondoka Aprili 2023 kwa sababu mkataba wa miaka 20 ulikuwa umeisha. Ufini iliwarudisha wa kwake Novemba 2024 kwa sababu nyingine kabisa: bustani ya Ähtäri ilishindwa gharama, euro milioni 1.5 kwa mwaka.

Na joto la Ghuba? Waliofika Qatar Oktoba 2022 hukaa ndani ya jengo lenye viyoyozi huko Al Khor. Walipewa majina ya nyota, Suhail na Thuraya. Mabaharia wetu wanamjua Suheli, na Thuraya ndiyo kilimia cha wakulima.

"Akirudi, anaachiwa msituni"

Anapelekwa kwenye vituo vya China vya kutunza na kuzalisha panda. Wanaoachiwa ni wachache waliozaliwa kituoni na kufunzwa tangu utotoni, na walezi wao huvaa vazi la panda lililopakwa mkojo wa panda ili mtoto asimzoee binadamu. Panda wa bustani amefundishwa kinyume: akiitwa jina anakuja, ananyoosha mkono nje ya wavu atolewe damu, kisha anangoja asali yake.