Klasi za kivita katika Dungeons & Dragons: mpiganaji, barbariani na mjanja

Anayeanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wa hadithi na dadu huamua matokeo, huuliza kabla hata hajampa mhusika wake jina: kati ya klasi za kivita, ipi ina nguvu zaidi? Binafsi naona swali hilo linampotosha. Klasi hizi zinatofautiana zaidi kwa namna nguvu inavyotoka: nani anaitoa yote kwa mkupuo, nani anaitoa kidogo kidogo, na nani anamhitaji mwenzake kwanza.

Klasi ni kazi ya mhusika wako ndani ya hadithi, pamoja na kanuni zinazoandamana na kazi hiyo: silaha anazozimudu, mavazi ya vita anayoruhusiwa kuvaa, pointi za uhai anazoongezewa kila anapopanda ngazi, na uwezo maalumu ambao wengine hawana. Mchezo ulipotoka Marekani mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, klasi zilikuwa 3 tu: mtu wa vita, mtu wa uchawi na kasisi. Mwizi na paladini, yaani shujaa mtakatifu wa kivita, walifuata mwaka 1975, na mwizi huyo ndiye babu wa mjanja tunayecheza naye leo. Tunaposema klasi ya kivita, tunamaanisha ile inayotegemea silaha na mwili kuliko uchawi.

Tuwaweke watatu mezani kwa kanuni za mwaka 2014, maana toleo la 2024 limebadilisha baadhi ya hesabu. Wote wako ngazi ya 5. Mpiganaji na barbariani wana nyongeza ya 4 kwenye nguvu za mwili, mjanja ana 4 kwenye wepesi, na kila mmoja ana 2 kwenye ustahimilivu. Ukihesabu kwa wastani, barbariani ana pointi 50 za uhai, mpiganaji 44, mjanja 38. Mbele yao amesimama zimwi mwenye pointi 59, ulinzi wa 11 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate), na rungu ambalo kila likimpata mtu humwondolea wastani wa pointi 13.

Mpiganaji ameshika upanga mkubwa wa mikono miwili. Kila pigo linalopata ni wastani wa 11, na kwa ngazi hii anapiga mara 2 kwa zamu, kwa hiyo 22. Barbariani ana upanga kama huo huo, ila akipandisha ghadhabu, uwezo wake maalumu wa kupigana kwa hasira, kila pigo linaongezeka 2, hivyo anafika 26. Mjanja anapiga mara moja tu kwa upanga mfupi, lakini shambulio lake la kuvizia linaongeza dadu 3 za pande 6, na jumla yake ni 18 hivi. Wengi huishia hapa, wanampa barbariani ushindi, wanafunga daftari.

Sasa tazama upande wa kupigwa, ambako ndiko uhondo ulipo. Barbariani anaweza kushambulia bila kujali usalama wake: anarusha dadu 2 za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, lakini hadi zamu yake irudi, kila anayemshambulia naye anapata nafasi hiyo hiyo. Akiwa hana deraya, ulinzi wake ni 14, na zimwi atampata karibu mara 88 katika 100. Hilo linatisha mpaka ukumbuke kwamba ghadhabu inakata nusu ya maumivu ya silaha za kawaida. Pigo la 13 linabaki 6. Ukipiga hesabu, anapoteza pointi 5 na kitu kwa zamu, wakati mpiganaji aliyevaa deraya ya minyororo yenye ulinzi wa 16 anapoteza 7 hivi. Yaani yule aliyejiachia wazi ndiye anayeumia kidogo.

Lakini ghadhabu hiyo anayo mara 3 tu mpaka alale usiku mzima. Mwongozo wa mwaka 2014 wa msimamizi wa mchezo, yaani yule anayeongoza hadithi na kuwachezesha maadui, unakadiria kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku moja ya safari. Kwa hiyo katika pambano la nne barbariani huyu huyu anapokea zile 13 zote, na akiendelea kujiachia wazi atapoteza zaidi ya 11 kwa zamu. Mpiganaji yeye anapumzika saa moja tu na kurudishiwa mambo mawili: uwezo wa kujiongezea uhai kidogo, na ule wa kutenda mara ya pili ndani ya zamu moja, ambao unamfikisha kwenye mapigo 4 na pointi 44 kama yote yatapata. Mjanja hana cha kumwishia. Shambulio lake la kuvizia lipo asubuhi, lipo jioni, alimradi masharti yatimie.

Masharti hayo ndiyo yanayonifanya nimpende mjanja kuliko wote. Anahitaji ama kurusha dadu 2 na kuchukua kubwa, ama mwenzake awe ndani ya futi 5 za adui. Mpiganaji akisimama ubavuni mwa zimwi, hata asipompata, tayari amemfungulia mjanja zile dadu 3. Sehemu ya 18 za mjanja ni jasho la mpiganaji, na hakuna jedwali la kulinganisha klasi moja moja litakalokuonyesha hivyo. Tena kikomo chake ni mara moja kwa kila zamu, ikiwemo zamu ya mtu mwingine: zimwi akijaribu kukimbia na mjanja akamchoma njiani, kuvizia kunaweza kuhesabiwa upya.

Mtawa anafanana na mpiganaji kwa kuwa pointi zake za ki, nguvu ya ndani anayoitumia kwa mbinu zake, hurudi baada ya mapumziko mafupi. Paladini na renja, yule mwindaji wa nyikani, wanachanganya silaha na uchawi kidogo, kwa hiyo hazina yao inakwisha na kurudi baada ya usingizi, karibu kama ghadhabu ya barbariani.

Kabla hujachagua, muulize msimamizi wako huwa anapanga mapambano mangapi kati ya usingizi mmoja na mwingine. Akisema moja au mawili, barbariani na paladini watang'ara mno. Akisema sita, chukua mpiganaji au mjanja. Na kama huna kitabu, kanuni za msingi za toleo la 2014 zilitolewa bure kwa leseni ya Creative Commons mwaka 2023, na klasi zote nilizozitaja za toleo hilo zimo.