Volkano tabaka ni mlima wa namna gani?

Ukisimama ndani ya kasoko, yaani shimo la kileleni, ya Mlima Meru, Tanzania, ukainua macho kuutazama ukuta wake, somo lote liko mbele yako. Genge lile lina kimo cha karibu mita 1,500, na limejaa mistari: mwamba mgumu, jivu, mawe yaliyogandamana, kisha mwamba tena. Ni kama kitabu kilichopasuliwa katikati. Hiyo ndiyo volkano tabaka: mlima uliojijenga kwa kile ulichotapika, lava (mwamba ulioyeyuka) ikilala juu ya majivu na majivu juu ya lava, kwa miaka elfu nyingi.

Si volkano zote hukua hivyo. Lava ikiwa nyepesi hutiririka mbali kabla ya kuganda, na mlima hubaki mpana wenye mteremko wa taratibu. Mauna Loa ya Hawaii ni wa aina hiyo. Lava nzito hujikokota tu, ikagandia karibu na mdomo. Uzito huohuo hubana gesi ndani, na siku gesi ikipata upenyo, hupasua miamba ikawa majivu na vifusi. Ndiyo maana volkano tabaka huwa na kilele chenye mteremko mkali.

Kilimanjaro nayo ni ya jamii hii, ila wengi husahau kwamba ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ilibomoka zamani, Mawenzi imeliwa na mmomonyoko hadi ikabaki meno matupu. Kibo, yenye mita 5,895, bado inafuka gesi kwenye kasoko yake.

Urefu huu una gharama. Matabaka yameinamia nje, mengine malegevu, na mvuke wa moto ukipita ndani kwa muda mrefu hugeuza mwamba kuwa udongo laini. Ubavu mzima unaweza kuporomoka. Mount St. Helens ya Marekani ilifanya hivyo mwaka 1980. Meru ilitangulia kwa maelfu ya miaka: upande wake wa mashariki uliteleza kuelekea Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yametuama katika mabonde ya kifusi hicho. Kwa hiyo kasoko ya Meru si shimo la duara bali kiatu cha farasi kilichofunguka mashariki. Humo ndani kimeota kilima kipya cha majivu, na mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1910.